Senene wa Mjane Asiyekuwepo

Sifa ni zako, Ee Mungu Baba, uliyenipa macho ya kusoma na mkono wa kuandika, ukaniachia vyote viwili mpaka uzee huu. Nakushukuru kwa mvua, kwa migomba iliyosimama nje ya dirisha langu, na kwa wanangu na wajukuu ulionipa. Nakushukuru hata kwa kumbukumbu hii ninayotaka kuiandika, ijapokuwa mara nyingi nimekuomba uniondolee. Hukuiondoa. Basi nimeelewa kwamba ulitaka niiseme.

Wajukuu wangu hunicheka kwa sababu sili senene. Mwezi wa kumi na moja, panzi hao wanapoanguka kwa wingi juu ya nyasi zetu, nyumba nzima hunukia kikaango, na watoto huniletea kisahani wakisema, "Bibi, miiko ya zamani imekwisha, kula." Wanadhani nashika mwiko. Zamani kweli ulikuwapo. Katika ujana wangu mwanamke wa Kihaya aliwakusanya senene alfajiri, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, kisha akampa mwanamume: baba, mume au kaka. Yeye mwenyewe hakula hata mmoja. Jambo hilo lilijulikana sana hata hapakuwa na mtu wa kulisema. Siku hizi wanawake wote wanakula, na ni vizuri. Mimi siwali kwa sababu nyingine.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa akifanya kazi Kampala. Nasema alifanya kazi kwa kuwa ndivyo alivyosema mwenyewe. Watu wa kijijini kwetu, upande wa Muleba, walitumia neno malaya. Padre alitumia neno dhambi. Mimi nililelewa katika mafundisho ya Kanisa na sijayaacha, wala sitasema hapa kwamba kazi ile ilikuwa njema. Lakini najua jinsi alivyofika huko. Aliozwa akiwa binti mdogo kwa mtu aliyempiga mpaka sikio lake la kushoto likaacha kusikia. Alipokimbilia nyumbani, kibanja cha babu kilikuwa kimekwisha kugawanywa kwa watoto wa kiume, kama desturi ilivyotaka, naye akaonyeshwa mahali pa kulala jikoni. Alikaa jikoni miezi michache. Kisha akapanda meli.

Kalamu niliyojifunzia kuandika kwa masista, yeye ndiye aliyeileta. Viatu vyangu vya kwanza pia. Nyumba ya bati aliyozeekea bibi yangu aliijenga yeye, na waliomtukana njiani walikuja kujikinga mvua chini ya bati hilohilo. Baadaye alijinunulia kibanja chake, kidogo, cha migomba na kahawa, na wazee wakasema maneno mengi juu ya kibanja hicho, ila hawakukataa ndizi zake.

Alinisimulia kwamba huko Kampala wanawake wa Buhaya walikaa karibu karibu na kutunzana. Akiugua mmoja, wengine walimpikia. Akifa, walimzika. Mara moja mwenzao alipigwa na mtu aliyekuja kwake, akang'olewa meno mawili, na askari kituoni wakacheka wakasema hayo ni mambo ya kazi yake. Basi wenzake walikuja wote, wakaketi chini mlangoni pa kituo na kazi zao za kusuka mikeka, wakasema hawaondoki mpaka iandikwe kwenye kitabu. Ilipofika mchana ikaandikwa. Shangazi alipenda sana kusimulia habari hiyo. Alisema ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kuona kipigo cha mwanamke kikiandikwa.

Miaka michache baada ya vita vikuu vya pili bibi alifariki, na shangazi akaja kumzika. Mimi wakati huo nilikuwa mtu mzima, nikifundisha katekisimu na kusoma kwenye kigango chetu. Siku ya nne ya matanga tulikuwa tunamenya ndizi nyuma ya nyumba, wawili tu, akaniambia kwamba ana mtoto. Msichana wa miaka mitano. Alikuwa na surua mama yake alipopata habari za msiba, hakuweza kusafirishwa, kwa hiyo alimwacha kwa mwenzake waliyekaa naye nyumba moja. Hakuna mtu mwingine wa ukoo aliyejua. Alikusudia kukaa wiki mbili.

Katika wiki hizo hizo likatoka agizo. Nilikuwapo liliposomwa barazani kwa gombolola, mkuu wa tarafa yetu. Hakuna mwanamke atakayepanda meli Bukoba bila karatasi ya mkungu, yaani mkuu wa kijiji chake, yenye dole gumba la mume, baba au kaka, na iseme anakwenda wapi, kwa nani na kwa nini. Wazee walifurahi. Walisema jina letu limeharibika katika kila mji ulio kando ya Ziwa. Nilisikiliza agizo lote mpaka mwisho, na hakuna mahali lilipotaja wanaume. Aliyekwenda Kampala kuwatafuta wanawake hao angepanda meli ileile bila kuulizwa.

Baba alimpenda dada yake lakini alimwogopa mkungu. Hakujua kusoma. Akasema ataweka dole lake kwenye karatasi yoyote nitakayoiandika mimi, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa dini na siwezi kuandika uongo. Alisema hivyo mbele ya shangazi, kwa kuniamini kabisa.

Niliandika kwamba shangazi anakwenda kumuuguza dada yake aliye mgonjwa. Nilijifariji kwamba yule mwenzake aliyebaki na mtoto alimwita dada, na katika lugha yetu madada ni wengi. Nilipoisoma tena nikaona mkungu atauliza kwa nini mume wa huyo dada asimuuguze. Basi nikaongeza sentensi moja: "Naye ni mjane, hana mwanamume yeyote nyumbani mwake." Naungama kwamba niliifurahia sentensi ile. Niliona imeziba tundu. Mkungu alipoisoma alitikisa kichwa kwa huruma, akasema maskini, akagonga mhuri.

Siku tatu kabla ya safari senene walianguka. Tulitoka alfajiri na vikapu, wanawake wa kijiji kizima, nyasi zimelowa na kilima chote ni cha kijani kinachotembea. Nilirudi nikakaanga wengi. Shangazi alikuwa makaburini akisafisha kaburi la mama yake, nami nikachukua kazi ya kumfungia mzigo.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anielewe. Nilikuwa na kaka aliyesoma seminari. Kwa miaka mingi, kila alipoondoka au kila alipopatikana mtu wa kwenda upande wa seminari, mimi ndiye niliyemfungia kikapu. Mikono yangu ilijua mzigo wa namna moja tu: ndizi chini, maharage kwenye mfuko, pakiti ndogo ya kahawa ya kutafuna, na katikati, palipo salama, senene waliofungwa kwa jani kavu la mgomba na kamba ya mgomba. Nilifunga hivyohivyo. Sikuwaza kitu, ila nakumbuka nilisali Salamu Maria nikikaza fundo.

Tulipanda lori la kahawa mpaka mjini, tukalala kwa ndugu zetu mtaa wa Bilele. Asubuhi tulipita kwenye duka la Mhindi aliyemuuzia shangazi vitambaa miaka yote. Alimuuliza kama anarudi Kampala, na shangazi akasema anakwenda kumwona mgonjwa. Mhindi akamtazama, akatazama kikapu kichwani mwangu, akasema, "Vizuri, mama. Ndizi ni nzuri kwa mgonjwa." Akampa pipi za rangi kwenye karatasi bila kusema ni za nani. Nadhani alijua zaidi yetu sote. Shangazi alizitia kifuani.

Kwenye lango la gati alisimama mzee mmoja wa kwetu, amevaa koti la kaki juu ya shuka, miguu mitupu. Alikuwa amewekwa pale kwa sababu alijua koo zote na vijiji vyote, na haikuwa rahisi kumdanganya mtu kama yule. Hakuwa mtu mkali; kila mwanamke alimwita mae, yaani mama. Alipenda mazungumzo na mzaha, na watu walisimama kumsikiliza kama wanavyosimama kwa mtu anayepiga zeze. Mbele yetu alikuwapo mwanamke mwenye sanduku la bati.

"Sanduku hili linakwenda kwa nani?" mzee akamuuliza.

"Kwa mama mdogo."

"Mama mdogo hapelekewi sanduku, mae. Hupelekewa ndizi. Sanduku linajipeleka lenyewe."

Watu wakacheka, na yule mwanamke akageuka akaondoka bila kubishana. Shangazi akaninong'oneza kwamba ndiyo maana ya kikapu. Akatoa barua. Mzee aliisoma kwa sauti, akifuata maneno kwa kidole, na kila aliyekuwa karibu akasikia habari za yule mjane. Akauliza nani mwenye mwandiko huu mzuri. Nikasema ni mimi, tata waitu, yaani baba yetu, mwalimu wa katekisimu. Akasema basi hii ni kweli tupu, na akamrudishia shangazi karatasi.

Alifungua kikapu kwa adabu tu, na kwa sababu alinusa kahawa. Akachukua punje moja akaitia mdomoni, kama mgeni anavyokaribishwa kwetu. Kisha vidole vyake vikagusa lile jani kavu. Akaliinua mpaka puani. Uso wake ulifurahi kweli, kama wa mtu aliyekutana na rafiki.

"Senene," akasema.

Halafu nikamwona anafikiri. Nikafikiri na mimi, nikafika pale alipofika yeye.

"Mae waitu," akamwambia shangazi kwa upole, "umesema dada yako ni mjane?"

"Ndiyo, tata."

"Hana mwanamume nyumbani."

"Hana."

"Basi hawa, nani atakula?"

Shangazi alitazama kikapu. Kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu. Nimeishi miaka mingi sana tangu siku ile, nimezika mume na watoto wawili, na bado nikifumba macho wakati wa rozari uso ule huja kabla ya uso wa Bikira Maria.

Nikasema senene ni wangu, nimesahau kuwatoa. Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema mwalimu wa dini amejifundisha kula panzi, sasa atawafundisha watoto. Ndipo shangazi alipochukua jani mkononi mwa mzee na kulifungua.

"Nitakula mimi," akasema.

"Wewe, mwanamke?"

"Mimi."

Akala mmoja, akala wa pili na wa tatu, akitafuna taratibu. Kicheko kilikwisha. Wanawake waliokuwa wakiuza maji pembeni walifunika midomo yao. Mzee wa lango alishusha macho, na aliposema tena sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Sasa umejishuhudia mwenyewe, mae. Mke wa mtu hali senene. Huyu ni wa mjini."

Kwa hiyo angekataa kula, senene wangekuwa wa mwanamume. Alipokula, alikuwa mwanamke asiye na haya. Hapakuwa na jibu la tatu, na jani lile nilikuwa nimelifunga mimi. Tuliketishwa kwenye kivuli cha ghala. Meli ilipiga honi ikaondoka, na shangazi alizitoa zile pipi kifuani, akazitazama, akazirudisha.

Alishtakiwa barazani kwa kuudanganya utawala kwa karatasi. Niliitwa kwa sababu ya mwandiko wangu. Waliniapisha kwa msalaba, wakaniuliza kama yule dada mjane yupo. Nilisema hayupo. Ilikuwa kweli, na niliisema kwa sauti ya wazi niliyozoea kusomea sala. Baba aliinamisha kichwa, maana dole lake lilikuwa kwenye karatasi ile.

Shangazi alipopewa nafasi alisimama wima, akageuza sikio lake la kulia upande wa wazee ili asikose neno.

"Kama nimekosa Kampala, nishtakiwe Kampala," akasema. "Hapa nimefanya nini? Nimetaka kupanda meli. Nyote mnapanda."

Mzee aliyeongoza baraza akamwambia kwamba wanalinda heshima yake. Akajibu kwamba heshima yake ina miaka mitano na inaumwa surua. Hawakumwelewa. Ndipo akasema, "Nina mtoto huko. Niacheni nikamchukue, kisha mnifunge."

Niliamini kwamba neno hilo litawagusa. Wengi wao walikuwa baba wa watoto wengi, na mmoja alikuwa amemshika mjukuu wake magotini. Mzee akauliza, "Mtoto wa ukoo gani?"

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na mtoto asiye na ukoo ni vigumu hata kumtaja barazani.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Wa ukoo wa meli."

Walicheka wote. Mzee wa baraza alijifuta mdomo kwa leso ili asionekane anacheka. Hukumu ikatolewa: shangazi akae chini ya mkono wa kaka yake, asivuke lango la gati, na akitoroka, kaka yake atajibu.

Nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza, akanikemea kwa ajili ya barua, akanipa kitubio na kuniondolea dhambi. Nilimweleza pia habari ya senene. Akasema, "Binti yangu, kufunga senene si dhambi." Ni kweli. Nimewauliza mapadre wengine watatu katika maisha yangu na wote wamesema hivyo. Uongo wangu ulisamehewa siku ile ile. Lakini senene si dhambi, basi hakuna wa kuniondolea.

Miezi ilipita. Shangazi alimtuma salamu yule mwenzake kwa kila mwanamume aliyesafiri, na hakuna aliyerudi na jibu. Kisha habari zikaja kwamba wanawake wetu wanakamatwa huko kwa ombi la wakuu wa huku, na kwamba meli itawaleta. Tulikwenda Bukoba, mimi na yeye. Kusimama nje ya lango hakukukatazwa. Walishuka kwenye meli wanawake kama thelathini hivi, wengine wakiwa na vitu vyao, wengine mikono mitupu, na watu waliokuja kuwatazama waliwazomea. Yule mwenzake alikuwa miongoni mwao. Alikuwa peke yake.

Shangazi hakumsalimu. Alimuuliza, "Yuko wapi?"

Yule mwanamke alianza kulia kabla hajajibu. Alisema askari walikuja asubuhi, wanawake wakiwa wanafua nguo. Walichukua Wahaya tu, na wakauliza mtoto yule ni wa nani.

"Niliwaambia mama yake yuko njiani, anakuja na meli. Nilijua utakuja, dada. Ningejuaje kwamba mmefungiwa?"

"Ukamwacha wapi?"

"Kwa mama mwenye nyumba. Nikamwambia mtoto akae pale, asiende popote, amsubiri mama yake. Alikubali. Surua ilikuwa imepona kabisa, ana alama ndogo tu ya moto mkononi, alishika sufuria."

"Mkono upi?" shangazi akauliza.

"Wa kulia."

Akaketi juu ya mawe. Nilitaka kumshika bega, nikashindwa kuinua mkono wangu. Nyuma yetu makuli walikuwa wakipakia magunia ya kahawa kwenye meli ileile iliyokuwa inarudi Kampala baada ya siku mbili, na lango lilikuwa wazi kwa ajili ya magunia.

Wiki hiyo hiyo aliondoka kwa miguu. Aliniambia mimi peke yangu. Alisema, "Safari hii nitajifungia mwenyewe," akatabasamu kidogo, nami nikalia. Alipita Kyaka, akavuka mto Kagera, akaingia Uganda kwa njia ambazo askari hawakuzijua. Baba alijibu kwa ajili yake kama hukumu ilivyosema. Alipelekwa kulima barabara upande wa Ngenge, kwenye jua na mbu, mtu mzima wa heshima, na aliporudi amekonda hakumlaumu yeyote. Aliuliza tu kama dada yake amempata mtoto.

Hakumpata. Alirudi baada ya mwaka na zaidi. Mama mwenye nyumba alikuwa ameuza nyumba na kuhama na mume mpya, na mtoto amekwenda nao. Mmoja alisema Masaka, mwingine Jinja, wa tatu alisema hakumbuki. Shangazi aliifuata kila habari mpaka ikakatika. Alichokipata kwa hakika ni kimoja tu. Majirani walimweleza kwamba kabla ya kuhama, mtoto yule alikuwa akisimama barabarani kila meli ilipofika, akimuuliza kila mwanamke aliyepita na kikapu kama ametoka kwenye meli.

Niliogopa kumwona aliporudi. Nilikuwa nimeolewa, nina mimba ya kwanza, nikaona haya hata kwa tumbo langu. Lakini alikuja mwenyewe nyumbani kwangu, akaniletea mkungu wa ndizi wa kibanja chake. Hakuzungumza habari za gatini. Mwezi wa kumi na moja ulipofika na senene wakaanguka, alikaanga wake, akaketi kando ya njia mbele ya nyumba yake mchana kweupe, akala. Watu wazima walipita wakatema mate. Nilimwendea, nikamwomba aache, nikamwambia anajiongezea aibu.

"Nakula ushahidi, mwanangu," akasema. "Usipoliwa watautumia tena."

Akanisogezea bakuli. Sikuweza. Alifanya hivyo kila mwaka mpaka mwisho. Kwanza wasichana walimcheka, kisha mmoja akaonja kwa ubishi, kisha wengine. Najua wanawake wa sehemu nyingi walianza kula senene kwa sababu zao wenyewe. Katika kijiji chetu waliwala kwanza kwenye bakuli la shangazi yangu.

Agizo lile halikufutwa kwa kelele, angalau mimi sikusikia. Lilichoka. Miaka ya mwisho ya Waingereza nilikwenda Bukoba kwa shughuli za parokia, nikapita gatini, na hapakuwa na mtu langoni. Mwanamke mmoja mwenye sanduku la bati alipita mbele ya macho yangu akipiga soga na mwenzake, wala hakugeuka. Nilirudi mbio kumwambia shangazi. Nilitaka afurahi. Alikuwa anapalilia mibuni, akasimamisha jembe.

"Sasa naweza kwenda," akasema.

"Unaweza, shangazi."

"Kwa nani?"

Akaendelea kupalilia.

Alipokuwa karibu kufa, alinitaka nilete karatasi. Alikuwa amepatanishwa na Mungu, amepokea sakramenti zote, na uso wake ulikuwa umetulia. Alisema, "Niandikie barua nyingine. Safari hii usiweke mjane." Tuliandika pamoja, yeye akisema na mimi nikiandika, na sikuongeza sentensi hata moja. Ilikuwa fupi. Niliinakili mara nyingi, nikawapa wanawake waliokwenda Kampala, Masaka na Jinja, wa kazi zote, na kila mmoja aliichukua bila kuniuliza maswali. Hakuna jibu lililorudi. Nakala yangu imechakaa, kwa hiyo naiandika hapa, mahali ambapo huenda ikasomwa na mtu nisiyemjua.

Kama wewe ni mwanamke mwenye alama ya moto mkono wa kulia, na ulipokuwa mdogo Kampala uliambiwa umsubiri mama yako anayekuja na meli, basi mama yako anasema: hakukuacha. Alizuiwa langoni. Alikuja kwa miguu, akakuta umehama. Kibanja chake kipo, kimeandikwa kwamba ni cha mtoto wake, na migomba inatunzwa.

Hapo ndipo inapoishia barua yake. Langu la kuongeza ni moja tu, kwamba kikapu nilikifunga mimi.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, uwe nani na ufanye kazi gani, Mungu akufungulie kila lango ambalo mwanadamu amelifunga. Akujalie mtu wa kukusubiri na miguu ya kumfikia. Na mikono yako, inapofanya kazi kwa upendo bila kufikiri, Yeye aiongoze, asiiache itende peke yake kama ilivyotenda yangu. Amani ya Bwana ikae nyumbani mwako. Amina.